Kataboi ijibiwe ndani ya siku 21

Kusini mwa Kataboi, kijiji kilicho kando ya Ziwa Turkana, pale Kalokol, kulijengwa kiwanda cha samaki kwa msaada wa Norway, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki kulidai umeme na maji safi ambayo Turkana haikuwa nayo, kisha Ghuba ya Ferguson ikakauka. Kiwanda kikasimama. Hata hivyo, vitabuni mradi ulikuwa umekamilika.

Tatizo hilo, la mradi kukamilika vitabuni huku haufanyi kazi, lingalipo, ingawa fedha hutengwa. Mwaka wa fedha wa 2021/22 Turkana ilitengewa takriban shilingi bilioni 12.6 za mgao wa kaunti, ikitanguliwa na Nairobi na Nakuru pekee. Kuhusu matumizi ya fedha hizo, Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha atoe ripoti yake. Kazi hiyo ni muhimu, lakini haimfai mama aliyefika kisimani alfajiri na mtungi wa lita 20 akakuta pampu imeharibika, huku maji ya ziwa yakiwa na chumvi na floridi. Huyo anataka kujua leo: spea imeagizwa lini, fundi analipwa na nani, na nani aliyetia sahihi kwamba kisima kinafanya kazi?

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa nafasi ya kuuliza, nami naona haijatumika inavyostahili. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika hafukuzwi: afisa anapaswa kumsikiliza, aliandike ombi lake, kisha ampe nakala. Hahitaji kueleza kwa nini anataka kujua. Jibu litolewe ndani ya siku 21, na habari ikihusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Maji yanahusu uhai, sioni ubishi hapo. Akinyimwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mzee wa Kataboi hapaswi kufunga safari hadi Lodwar, makao makuu ya kaunti, kwa ajili ya hayo. Msimamizi wa wadi aje barazani na daftari, aketi na wazee waliokalia ekicholong zao, vile vigoda vidogo vya mbao, aandike swali la kila mmoja pamoja na tarehe. Baraza linalofuata lifunguliwe kwa kusomewa majibu, swali kwa swali, kabla ya hotuba yoyote.