Kill Bill ya Pili: Picha la Ngumi Lenye Ngumi Chache

Kwenye vibanda vya video vya mwambao wa Ziwa, kuanzia Mwanza mjini hadi Nansio kisiwani Ukerewe, picha la ngumi hupimwa kwa hesabu: steringi kapiga wangapi, na kawapigaje. Kwa hesabu hiyo Kill Bill ya kwanza, iliyotoka Oktoba 2003, ni ngumu kuishinda. Bibi harusi mjamzito, aliyepigwa risasi ya kichwa na genge lake mwenyewe, anazinduka baada ya miaka minne, anafuata upanga Japani, na ndani ya mgahawa mmoja wa Tokyo anafyeka jeshi zima la walinzi. Miezi sita baadaye, Aprili 2004, Quentin Tarantino akatoa sehemu ya pili, na waliokuja kwa ajili ya upanga wakakuta watu wamekaa wanazungumza. Tangu hapo imebeba sifa ya kupooza. Naona imeonewa. Sehemu ya pili ndiyo bora, na ubora wake umo humohumo inamolaumiwa: imepunguza mapigano ili kila pigo liwe na uzito, na kisasi kilichokuwa maonyesho kikawa jambo la mtu na mtu.

Tuanze na hesabu ileile ya kibandani. Katika sehemu ya kwanza maiti zimetapakaa sakafuni. Katika sehemu ya pili, inayozidi saa mbili, mkono wa Beatrix Kiddo (ndipo tunapolijua jina lake) unamuua mtu mmoja tu, naye ni Bill, mkuu wa genge lile na baba wa mtoto wake. Budd, mdogo wake Bill, anauawa na mwenzake Elle Driver, kwa nyoka aliyefichwa kwenye sanduku la fedha. Elle ananyofolewa jicho lililobaki na kuachwa hai, akigaragara kwa hasira. Tazama pia jinsi nafasi ya kupigania inavyosinyaa. Mgahawa wa Tokyo ulikuwa na ghorofa, ngazi na bustani yenye theluji. Sasa Beatrix anazikwa hai, skrini inakuwa nyeusi, na kinachosikika ni udongo ukiangukia mbao za jeneza pamoja na pumzi zake. Kisha anapambana na Elle ndani ya nyumba ya kukokotwa na gari, nyembamba kiasi kwamba Elle akitaka kuchomoa upanga kuta zinamzuia. Na pambano la mwisho, lililongojewa filamu mbili nzima, linaanza na kumalizika wote wawili wakiwa vitini, kwa sekunde chache: mapigo matano ya vidole kifuani, Bill anainuka, anatembea hatua tano, anaanguka. Tarantino, aliyekwisha kupanga vita vya mgahawa mzima, hakuwa ameishiwa mbinu. Alitaka tusiwe na pa kukimbizia macho isipokuwa kwenye nyuso za hao wawili.

Anayesema maneno yamezidi ana hoja yake. Mazungumzo na mzee Esteban kule Meksiko yangekatwa nusu na filamu isingepungukiwa kitu. Lakini tusijisingizie kwamba watazamaji wetu hawana subira ya maneno. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu, alijijengea jina nchini kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, sauti yake ikiwa juu ya sauti za waigizaji, na watu walilipa kumsikiliza. Ukerewe yenyewe ndiyo nyumbani kwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na Bugonoka. Humo mume aliyenyang'anywa mke kwa sababu ya kukosa mtoto anamrudisha kwa kwenda ukweni, kuomba, na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Hakuna upanga, na bado msomaji hatulii mpaka ajue kama mtoto atapatikana. Mvutano wa Kill Bill ya pili ni wa jamii hiyo. Sehemu ya kwanza ilikwisha kwa Bill kutufichulia kwamba mtoto yu hai, jambo ambalo mama mwenyewe hakulijua. Kwa hiyo Beatrix anapoingia nyumbani kwa Bill na bastola mkononi, akakuta binti wa miaka minne anamlenga kwa bastola ya kuchezea, nasi tukamwona analazimika kuanguka na kujifanya amekufa ili mchezo uendelee, hakuna teke linaloweza kulifikia tukio hilo kwa uzito.

Wako wanaoiita filamu hii ya wizi, mkusanyiko wa vipande vya sinema za Hong Kong. Kukopa kupo, ila kuna hesabu ndani yake. Pai Mei, mwalimu mkatili mwenye nyusi nyeupe, alikuwemo tayari katika Executioners from Shaolin ya mwaka 1977, akichezwa na Lo Lieh. Katika Clan of the White Lotus ya 1980, Gordon Liu ndiye kijana anayejifunza kwa jasho ili amshinde mzee wa aina hiyohiyo, akichezwa tena na Lo Lieh. Tarantino akamchukua Gordon Liu, sasa mtu mzima, akamvika yeye ndevu na nyusi nyeupe. Mwanafunzi amekuwa mwalimu. Na somo analolitoa, la kupiga ubao kwa ngumi kutoka umbali wa inchi chache mpaka vifundo vya vidole vitoe damu, ndilo linalomtoa Beatrix kaburini. May Joseph, msomi anayeikumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1970, aliandika jinsi kung fu ilivyowashika vijana wa enzi za Ujamaa, kwa kuwa ilionyesha mtu asiye na kitu akiufanya mwili wake kuwa silaha. Sehemu ya pili inaliheshimu hilo kuliko ya kwanza, iliyotegemea upanga wa fundi mashuhuri.

Jambo moja silitetei. Februari 2018 Uma Thurman, aliyemcheza Beatrix, alilieleza gazeti la New York Times jinsi alivyoumia shingo na magoti, gari alilotakiwa kuliendesha mwenyewe kwa ajili ya picha hii lilipogonga mti, na Tarantino akakiri kwamba anajutia. Hakuna picha, hata iwe nzuri vipi, inayostahili bei hiyo.

Lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba filamu inakisifu kisasi. Naijibu kwa maneno ya Beatrix mwenyewe. Akiwa amechomwa dawa ya kumsemesha ukweli, anaulizwa kama alifurahia kuwaua wote aliowapitia, naye anakubali. Hatuachiwi mahali pa kumwona malaika. Na kumbuka Nikki, mtoto aliyemwona mama yake akiuawa na Beatrix jikoni katika sehemu ya kwanza, akaambiwa akikua na bado ana uchungu, muuaji atamngoja. Sasa binti wa Beatrix naye amefiwa na baba kwa mkono wa mama. Tarantino amezungumza zaidi ya mara moja juu ya uwezekano wa sehemu ya tatu ya kumfuata Nikki. Naomba asiitengeneze. Deni hilo linamsumbua mtazamaji kwa sababu halijalipwa, na filamu ya tatu ingelilipa kwa damu, ikaturudisha kwenye kuhesabu maiti.