Namba za Karani Franklin

Benjamin Franklin anajulikana kwa radi na tiara, na kwa sahihi yake kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776. Hisabati haitajwi sana, na huenda amechangia mwenyewe, kwani katika tawasifu yake amekiri kwamba hesabu zilimshinda shuleni. Kinachosahaulika ni kwamba alipofika miaka 16 hivi, kwa kuona aibu, alikichukua kitabu cha hesabu cha Cocker akakimaliza peke yake bila taabu.

Mwaka 1736 akawa karani wa Bunge la Pennsylvania. Karani huandika, hachangii. Mijadala ilipomchosha, alipanga namba katika miraba. Mraba wake mashuhuri una vyumba 64 vyenye namba 1 hadi 64, kila moja mara moja tu. Mstari wa juu ni 52, 61, 4, 13, 20, 29, 36, 45. Jumla yake ni 260, na kila nusu ni 130. Ndivyo ilivyo mistari yote, ya kulala na ya kusimama. Chukua vyumba vinne vyovyote vinavyounda mraba mdogo: 130 tena!

Wapo wanaosema mraba huo una kasoro, kwa kuwa mishazari yake miwili mikuu inatoa 228 na 292. Ni kweli, ila Franklin alikuwa na shabaha nyingine. Anza na 16 kwenye kona ya chini kushoto, panda kimshazari kupitia 63 na 57 hadi 10, kisha teremka kutoka 23 kupitia 40 na 34 hadi 17 kwenye kona ya kulia. Jumla ni 260. Mistari ya namna hiyo, iliyokunjika kama paa la nyumba, inakubali kutoka pande zote nne, na hapo ndipo ufundi wake unapoonekana.

Rafiki yake James Logan alipomwonyesha kitabu cha kale chenye mraba wa 16 kwa 16, Franklin alitengeneza wake jioni ileile. Kila mstari una jumla ya 2056.

Kichwa hichohicho ndicho kilichoandika wosia. Aliiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, wakopeshwe mafundi vijana kwa riba ya asilimia 5. Alikadiria kwamba baada ya miaka 100 kila fungu lingefika pauni 131,000, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa: pauni 1 ikizaa riba juu ya riba kwa miaka 100 inafika 131 na ushei. Alifariki mwaka 1790. Fedha zenyewe hazikukua kwa kasi aliyoitarajia, lakini miaka 200 baadaye fungu la Boston lilikuwa na karibu dola milioni 5.