Kuchagua Mahali pa Joto pa Kukaa Baada ya Kustaafu

Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini katika nchi ya baridi, kama Limuru, Kericho, Nyahururu au Nairobi yenyewe, aghalabu hufika siku akachoshwa na baridi hiyo. Magoti humuuma asubuhi, koti halimtoki mwilini mwezi wa Julai, na kila asikiapo habari za Malindi au Kilifi moyo wake huenda huko. Katika Kenya mtumishi wa Serikali hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, tangu umri huo ulipoongezwa kutoka 55 katika mwaka 2009. Wakati huo ndipo apatapo kiinua mgongo, nazo ni fedha ambazo wengi hawatazishika tena kwa wingi kama huo. Zikitumbukizwa katika kiwanja kibaya ni shida kuzitoa.

Katika mambo yanayokifanya kiwanja kuwa kibaya, liko moja ambalo karibu wanunuzi wote hulisahau, nalo ni wadudu waumao. Mnunuzi hukagua hati, hutazama barabara, huonja maji ya kisima, huuliza habari za majirani. Mbu hakuandikwa katika hati.

Sababu moja ya kusahau ni majira. Watu wa bara hushuka Pwani wakati wa likizo ya Desemba, au hufuata dalali mwezi wa Januari na Februari, wakati upepo wa kaskazi unavuma na nchi imekauka. Shimo lililochimbwa mawe ya kujengea huonekana kuwa shimo tu, na bonde lililo nyuma ya kiwanja huonekana kuwa malisho mazuri. Masika yakifika, lile shimo huwa ziwa na lile bonde huwa kinamasi, na mwenye kiwanja amekwisha kulipa. Yafaa basi kiwanja kitazamwe mara mbili, na mara ya pili iwe mwezi wa Mei au Juni. Tena mtazamaji asiondoke jua likichwa. Mbu wenye kuambukiza malaria huuma zaidi usiku mkubwa, tangu saa nne hivi mpaka alfajiri, na mtu aliyekaa barazani mpaka saa mbili akanywa chai na kwenda zake hakujua kitu. Heri alale usiku mmoja katika nyumba ya jirani, asikilize.

Mwenye kuuza si wa kuulizwa habari hizi. Wa kuulizwa ni wauguzi wa zahanati iliyo karibu, kwa kuwa wao hupima damu za wagonjwa na wanajua ni watoto wangapi huonekana na malaria baada ya mvua, na wanatoka vijiji gani. Maswali machache yaliyoulizwa kwa adabu mahali hapo yanaweza kuokoa kiinua mgongo chote.

Wengi hudhani kwamba joto na malaria ni kitu kimoja, na kwamba atakaye joto hana budi kupokea yote mawili. Jambo hilo lina ukweli, lakini si lote. Vijidudu vya malaria hukua ndani ya tumbo la mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu, na ukuaji huo hutegemea joto. Katika joto la digrii 25 huchukua siku 12 hivi. Katika digrii 20 huchukua karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya muda huo kutimia. Chini ya digrii 16 vijidudu vile havikomai. Kwa sababu hiyo Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, haina malaria nyingi ya kuzaliwa papo hapo, hali mwambao na kando za Ziwa Victoria zina malaria mwaka mzima. Baina ya hizo mbili kuna nchi za wastani, zenye joto la kupendeza mifupa ya mzee lakini zenye ukavu, ambako malaria huja kwa msimu baada ya mvua tu. Sehemu nyingi za Ukambani na za Taita zilizo chini ya milima ni za namna hiyo. Mzee asiyeshikwa na tamaa ya bahari angefanya vema kuzifikiria kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo huwapata wageni kwa ghafula. Mwenyeji wa Kwale au wa Siaya aliyeugua malaria mara nyingi tangu utotoni hupata nguvu fulani mwilini. Akiumwa na mbu huenda akaona kichwa tu na uchovu. Mzaliwa wa Nyeri hana nguvu hiyo. Hata mzaliwa wa Siaya aliyeishi miaka mingi katika nchi ya baridi hupungukiwa nayo, ingawa yeye hujiona mwenyeji na huwacheka wenye kuogopa. Ndiyo sababu mtu arudiapo kwao uzeeni huenda akaugua vibaya katika mwaka wa kwanza, na watu wakatafuta mchawi. Hatari ni kubwa zaidi kwa wajukuu. Mtoto wa Nairobi aletwaye kwa babu wakati wa likizo ya Agosti haujui ugonjwa huo kabisa, na homa yake yataka kupimwa siku ile ile, si baada ya siku tatu za kumpa dawa za maumivu.

Mbu si wa namna moja, wala hawazaliwi katika maji ya namna moja. Yule mkuu wa kuleta malaria hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, mifereji ya magari. Ndugu yake hupenda vinamasi vyenye majani na kivuli, ambavyo havikauki hata wakati wa kiangazi. Tangu yai mpaka mbu mwenye mabawa ni kama wiki moja au mbili. Aghalabu mbu hafiki mbali kuliko kilomita mbili au tatu kutoka mahali alipozaliwa, na wengi hawafiki hata moja. Kwa hiyo hesabu ya mnunuzi ni rahisi. Na asimame katikati ya kiwanja, atazame pande zote, aulize kila bonde, kila shamba la mpunga na kila shimo lililo karibu huwa namna gani mwezi wa Mei. Tena aulize upepo watoka wapi, kwa maana mbu ni dhaifu wa kuruka. Nyumba iliyo juu ya kilima, yenye kupata upepo wa bahari usiku, hupata mbu wachache kuliko ile iliyojificha bondeni chini ya miembe, hata kama ile ya bondeni ndiyo ipendezayo macho.

Wingi wa mbu pekee hautoshi kuonyesha wingi wa ugonjwa. Katika mashamba ya mpunga ya Mwea mbu ni wengi mno, lakini walio wengi huko hupenda kunywa damu ya ng'ombe, na malaria si nyingi kwa kadiri ya mbu wale. Upande wa Ziwa Victoria huonekana mawingu makubwa yakipanda kutoka majini kama moshi, nayo ni wadudu wadogo wasiouma kabisa. Wako wageni waliokataa viwanja vizuri kwa kuogopa mawingu yale, wakaenda kujenga kando ya kinamasi ambako hakuonekani mdudu hata mmoja wakati wa mchana.

Mjini mambo ni mengine. Mbu mweusi mwenye alama nyeupe miguuni huuma mchana, na hahitaji kinamasi. Yeye hutaga katika mapipa, mitungi, matairi ya zamani na vifuu vya nazi. Huyu ndiye aletaye homa ya dengi, iliyoenea Mombasa mwaka 2013, na chikungunya, ile homa inayokunja viungo hata mtu hawezi kusimama wima. Chikungunya ilipoingia Lamu mwaka 2004, ilikadiriwa kwamba watu watatu katika kila wanne waliambukizwa. Nao haukuwa mwaka wa mvua nyingi. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakiweka maji majumbani kwa siku nyingi, na mbu walizaliwa katika mitungi ile ile. Mzee mwenye maumivu ya magoti aliyeikimbia baridi asingependa kukutana na homa ya namna hiyo. Chandarua cha usiku hakimsaidii hapo. Msaada ni kufunika kila chombo cha maji na kukisugua ndani kila wiki.

Viwanja vya kando ya hori na mikoko huuzwa kwa sifa nyingi kwa sababu ya mandhari. Lakini katika matope ya mikoko huzaliwa visubi, wadogo hata hupenya katika matundu ya chandarua cha kawaida, na jioni isiyo na upepo humfukuza mtu barazani. Hawaleti malaria, ila starehe yenyewe ndiyo iliyotafutwa.

Wako pia wastaafu wanaotaka kufuga ng'ombe wawili au watatu wa maziwa. Hao wajihadhari na mbung'o. Karibu na misitu ya Shimba Hills katika Kwale wangaliko, na ugonjwa wa nagana huua ng'ombe wa kisasa upesi kuliko wa kienyeji. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Malale, yaani ugonjwa wa kulala usingizi, ulioitia hofu sana nchi ya Lambwe hapo zamani, umepungua mno, hata mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeuondoa kama tatizo la afya ya umma. Kisiwani Unguja mbung'o alimalizwa kabisa: madume yaliyofanywa tasa yalimwagwa kutoka angani, na mbung'o wa mwisho alionekana mwaka 1996. Huko Nyanza nako usubi wa mitoni uliokuwa ukileta upofu ulikomeshwa kwa dawa iliyotiwa mitoni baina ya mwaka 1946 na katikati ya miaka ya 1950. Kwa hiyo sifa mbaya ya zamani ya mahali isiaminiwe bila kuulizwa upya, sawasawa na sifa njema.

Katika Baringo, Pokoti na sehemu za Kitui jambo la kutazama ni vichuguu. Ndani ya matundu ya vichuguu hukaa vijinzi vya mchangani, vidogo kuliko mbu, ambavyo huleta kalaazari, ugonjwa wa kuvimba wengu unaoua usipotibiwa. Kichuguu kilicho karibu na nyumba si mahali pa kukalia wakati wa jioni, wala pa watoto kuchezea. Na anunuaye nyumba ya zamani ya udongo, popote pale, na achunguze nyufa za sakafu na kuta. Papasi huweza kukaa humo miaka bila chakula, akimngoja mpangaji mpya.

Kiwanja kikiisha kupatikana, nyumba yenyewe hufanya kazi iliyobaki. Mafundi wengi wa Pwani huacha nafasi kati ya ukuta na paa ili hewa ipite, na njia hiyo ndiyo mlango mkuu wa mbu wa malaria. Si lazima kuziba hewa. Wavu wa waya ukipigiliwa katika nafasi ile na katika madirisha, na dari ikiwekwa chini ya paa, hewa huingia na mbu hubaki nje. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na vigae vya sebuleni, lakini wajengao huanza na vigae. Chandarua chenye dawa hakiachwi hata hivyo. Majaribio yaliyofanywa Kilifi katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa theluthi moja.

Yabaki matangi na vyoo. Tangi la maji ya mvua lisilofunikwa sawasawa limekuwa hatari zaidi tangu kuonekana katika Kenya, mwaka 2022, namna mpya ya mbu wa malaria aliyetoka Asia, ambaye huweza kuzaliwa katika matangi na mapipa ya mjini hata katika nchi kavu kama Marsabit. Mfuniko uwe wa kubana, na bomba la kumwaga maji yanayozidi lifungwe wavu. Choo cha shimo lenye maji nacho huzaa mbu wa matende kwa maelfu. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, chembe nyepesi za plastiki zilimwagwa katika mashimo ya vyoo. Zilielea zikafunika maji yote kama utando mzito, viluwiluwi wakakosa pumzi, na mbu wale wakapungua sana kijijini. Chembe hizo haziozi wala hazizami. Mwenye nyumba anaweza kuzipata kwa kuvunjavunja lile sponji gumu jeupe linalofungiwa redio na televisheni madukani, na tabaka la unene wa vidole vitatu au vinne juu ya maji latosha.