Ulianza Vizuri, Mbona Umeacha?

Ndugu msomaji, hebu tazama nyuma ya nyumba yako. Labda utaona matofali uliyofyatua mwaka juzi, na sasa nyasi zimeota juu yake. Labda sandukuni lipo daftari lenye kurasa tatu tu zilizoandikwa, maana ulikusudia kujifunza kusoma na kuandika. Siku ya kwanza ulikuwa na bidii nyingi. Baada ya majuma mawili, kimya. Huo ndio moto wa mabua: huwaka kwa kishindo, lakini hauivishi maharage.

Watu husema, "Mimi sikujaliwa moyo wa kuendelea." Sivyo. Moyo huo hatuzaliwi nao kama tunavyozaliwa na kimo chetu. Hutunzwa, kama moto wa jikoni unavyotunzwa kwa kuongezewa kuni. Basi tumtazame mtu mmoja aliyejua kuutunza.

Mzee wa darasa la kwanza

Mzee Kimani Maruge wa Kenya hakupata shule utotoni. Mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo ilifuta ada katika shule za msingi. Januari 2004 mzee huyo, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiyo, Eldoret, amevaa kaptula na soksi ndefu kama watoto aliokaa nao. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuueleza Umoja wa Mataifa faida ya elimu isiyo na ada.

Usidhani njia yake ilikuwa laini. Mapema mwaka 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi, mali yake iliibiwa, naye akaishi hemani pamoja na watu wengine waliokimbia makwao. Shule ilikuwa mbali, kadiri ya kilometa 4. Hata hivyo aliendelea kwenda darasani. Baadaye alihamia Nairobi, akatunzwa katika nyumba ya wazee, na huko nako akatafuta shule.

Tujifunze nini kwake?

Kwanza, alikuwa na sababu yake mwenyewe. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, asitegemee tu kusomewa na wengine. Tena alitaka kujua kuhesabu fedha zake, asidanganywe. Hizo si sababu za kutafuta sifa. Ukianza jambo kwa kuwa jirani ameanza, utaliacha siku jirani atakapoliacha. Jiulize: jambo hili likitimia, nyumbani kwangu kutabadilika nini? Jibu lake ulishike.

Pili, alikuwa na saa yake. Kengele ya shule haimwulizi mtu kama leo ana hamu. Nawe jiwekee kengele yako: fungu dogo, saa ile ile, kila siku. Mwenye kusoma ukurasa 1 kila jioni atakuwa amesoma kurasa 365 mwaka ukiisha. Mama anayeweka akiba kidogo kila siku ya soko atashinda yule anayengoja mavuno makubwa ndipo aanze. Bandu bandu huisha gogo.

Tatu, hakuwa peke yake. Wajukuu wake wawili walisoma shule hiyo hiyo. Wewe nawe mwambie mkeo, au mumeo, jambo unalolikusudia. Mpe mtoto wako kazi ya kukuuliza kila jioni, "Baba, leo umesoma?" Nanyi mlio nyumbani, msimcheke anayeanza kwa kuchelewa. Neno moja la dhihaka laweza kuzima moto uliowashwa kwa taabu kubwa.

Nne, alipozuiwa alirudi. Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Mtoto ameugua, mvua imenyesha, msiba umetokea, na kazi imelala juma zima. Kisha twasema, "Basi, imeharibika." Haikuharibika! Siku saba zilizopotea ni saba tu. Usiwaongezee miezi saba mingine kwa kukata tamaa. Kesho asubuhi shika pale ulipoachia. Kama fungu lako limekuwa zito, lipunguze, lakini usilitupe.

Je, alifika?

Mei 2009 Mzee Maruge alibatizwa katika kanisa Katoliki la Kariobangi, Nairobi, akapewa jina la Stephen. Agosti 14 ya mwaka huo huo alifariki dunia kwa ugonjwa wa saratani. Darasa la 8, lililokuwa la mwisho katika shule za msingi wakati huo, hakulifikia.

Labda utasema, "Basi alijisumbua bure." Lakini kumbuka alichokitaka. Alikwisha kujua kusoma, alikwisha kujua kuhesabu. Kila siku aliyokwenda shule ilimpa kitu kilicho chake, ambacho hata wezi wa mwaka 2008 hawakuweza kukichukua. Kama angalingoja hakika ya kumaliza, asingalianza kamwe.

Basi, ndugu, leo baada ya chakula cha jioni litoe lile daftari sandukuni, au kayang'olee nyasi yale matofali. Usifanye mengi. Fanya kidogo, na kesho ufanye kidogo tena.