Tunu za shule zimeandikwa getini. Je, saa nane usiku zinafanya kazi?

Kila Januari stendi ya Moshi hujaa matranka. Mengine ni ya bati, mengine ya plastiki, yote yameandikwa jina la mwenyewe kwa rangi. Mabinti wanaoingia kidato cha kwanza hukaa juu yake huku mama akihesabu upya vitu vilivyotajwa kwenye fomu ya kujiunga: shuka, ndoo, fagio, jembe, rimu ya karatasi. Kisha gari hupanda mlima kuelekea Kibosho, Machame, Marangu au Rombo.

Kwenye geti la shule kuna ubao. Juu kuna jina la shule na msalaba. Chini yake kuna dira, dhamira na tunu: Kumcha Mungu. Nidhamu. Bidii. Usafi. Upendo. Mzazi huusoma haraka, huridhika, kisha huulizia ofisi ya mhasibu.

Nilisoma shule ya bweni ya wasichana ya kanisa, kwenye miteremko ya mlima huu huu. Ubao wetu nao ulikuwa na neno Usafi.

Nikiwa kidato cha pili, usiku mmoja wa baridi niliamka saa nane nikakuta shuka limelowa damu. Hedhi ilikuja kabla ya siku zake na pedi zangu zilikuwa zimekwisha. Matroni alilala nyumba ya pili kutoka bwenini, na mlango wetu ulifungwa kwa kufuli kwa nje. Niliogopa kumwamsha kiranja. Nikachana fulana yangu ya ndani, nikajikunja hadi kengele ya asubuhi.

Ibada nilichelewa kwa sababu nilikuwa nafua. Nikapewa adhabu ya kudeki bwalo wiki nzima. Kosa lililoandikwa kwenye daftari lilikuwa uchafu.

Likizo ilipofika nilimsimulia mama. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mwanangu, usiku ule ungemwamsha nani?"

Sikuwa na jibu.

Kwenye kikao cha wazazi cha muhula uliofuata mama alisimama, akauliza swali hilo hilo mbele ya mkuu wa shule. Watu walinyamaza. Lakini kabla muhula haujaisha kila bweni lilikuwa na kabati dogo la pedi, kufuli la nje lilikuwa limeondolewa, na matroni alikuwa amehamia chumba cha mlangoni. Ubao wa getini haukuguswa. Neno Usafi lilibaki vile vile, ila sasa lilikuwa na maana.

Leo ninaandika habari za afya, na swali la mama ndilo ninalotumia kupimia shule.

Mlima uliokua na shule

Kilimanjaro kanisa na shule vilipanda mlima pamoja. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893. Mwaka huo wa 1893 Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame. Palipojengwa kanisa palijengwa shule, na mara nyingi na zahanati.

Baadaye zikaja shule za wasichana. Machame, Ashira kule Marangu na Weruweru ni majina ambayo mama na bibi wengi wa hapa huyataja kwa fahari. Zote zilianzia mikononi mwa makanisa. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa serikali nguvu ya kuzichukua shule binafsi, na shule hizi zikawa za umma.

Mfano wa Weruweru una somo kwa mzazi wa leo. Ilikuwa shule ya Kikatoliki iliyoitwa Assumpta, ikabadili mmiliki na jina. Lakini wanaoikumbuka hawaanzi na ubao wake. Wanaanza na mtu: Maria Kamm, Mama Kamm kama wanafunzi walivyomwita, aliyeiongoza kwa takriban miaka 20 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujulikana kwa malezi, nidhamu na kazi za kujitegemea. Miongoni mwa waliopita Weruweru ni Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012.

Kwa hiyo mmiliki anaweza kubadilika na rangi ya ubao ikabadilika. Tunu hubaki pale tu ambapo kuna mtu anayezibeba kila siku, na wasichana wanamwona akizibeba.

Tofautisha maneno manne

Shule nyingi huyachanganya maneno haya, na mzazi huona aibu kuuliza. Usione aibu.

Dira ni kule shule inakotaka kufika. Dhamira ni kazi inayoifanya ili ifike huko. Tunu ni namna inavyojiheshimu na kuheshimu watu ikiwa njiani. Malengo ni hatua zenye tarehe na kipimo, ambazo mwisho wa mwaka unaweza kusema zimefikiwa au hazikufikiwa.

Shule nyingi zina malengo ya kitaaluma tu: wangapi wapate daraja la kwanza, shule iwe ya ngapi kimkoa. Hayo ni mazuri na mzazi anayahitaji. Tatizo ni kwamba taaluma hupewa malengo yenye namba, huku upendo, utu na usafi vikiachiwa wimbo wa asubuhi. Tunu isiyo na lengo chini yake haina wa kuiulizia.

Hebu tuzichukue tunu chache zinazopendwa na shule za kanisa, tuone lengo la kila moja lingekuwaje.

Usafi: anza na hedhi

Msichana wa kidato cha kwanza ana miaka 13 au 14. Wengine huvunja ungo wakiwa shuleni, mbali na mama. Shule inayosema inathamini usafi lazima iwe na maji, vyoo vyenye milango inayofungwa kwa ndani, mahali pa kutupa au kuchoma pedi zilizotumika, na akiba ya pedi kwa aliyeishiwa.

Usitegemee kwamba kila binti atanunua mwenyewe. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei haikuwa imeshuka madukani. Kwa familia nyingi pedi bado ni gharama ya kupangia.

Lengo linaweza kuandikwa hivi: ifikapo mwisho wa mwezi wa kwanza, kila mwanafunzi mpya awe anajua pedi za akiba ziko wapi na nani wa kumwamsha usiku. Hilo linapimika. Waulize mabinti kumi tu, utajua.

Usafi wa moyo: uliza kuhusu siku ya anguko

Hapa ndipo wazazi wengi hunyamaza. Shule ya Kikristo ina haki ya kufundisha binti ajitunze, na wazazi wengi huipeleka ada huko kwa sababu hiyo. Swali ni shule inafanya nini binti anapoteleza, au anapofanyiwa ukatili ambao hakuuchagua.

Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi ziliruhusu kufukuza kwa kosa dhidi ya maadili. Neno mimba halikuwemo, lakini shule nyingi zilisoma hivyo, na kupima mimba kwa lazima kukawa desturi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanaokatisha masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Septemba 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji huo wa lazima na kuwafukuza wajawazito.

Kwa jicho la afya, kupima bila kufundisha hakumlindi mtoto. Kinachomlinda ni kuujua mwili wake, kujua mguso upi si wa heshima, na kuwa na mtu mzima wa kumwambia bila kuogopa kwamba siri yake itafika mstarini. Shule inayohubiri msamaha Jumapili iwe na njia ya kurudi Jumatatu.

Kabla ya kulipa ada uliza: je, mabinti hupimwa mimba? Nani huambiwa majibu? Aliyejifungua anarudi hapa, au mtanisaidia kumpata shule nyingine?

Nidhamu: iwe na mipaka

Wazazi wa hapa tunapenda shule yenye nidhamu, na hakuna ubaya. Lakini nidhamu nayo ina sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne. Vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Na adhabu iandikwe kwenye daftari.

Omba kuliona daftari hilo. Angalia makosa gani yanaadhibiwa zaidi. Kama utakuta kuchelewa, kukojoa kitandani na uchafu, fahamu kwamba huenda baadhi ya yanayoitwa utovu wa nidhamu ni ugonjwa, hofu au hedhi.

Upendo: mlango wa bweni

Mwaka 1994 moto uliteketeza bweni la wasichana katika shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo, na kuua wanafunzi zaidi ya 40. Mpaka leo kuna familia za mlima huu ambazo haziwezi kusikia jina hilo bila kunyamaza.

Kwa hiyo mzazi anapouliza mlango wa bweni unafungwaje usiku, asionekane mkorofi. Dirisha lenye nondo linafunguka? Kuna milango miwili? Kizimamoto kipo, na nani anajua kukitumia? Mabinti wamewahi kufanya zoezi la kutoka gizani? Shule inayowapenda watoto hujibu maswali haya bila kukasirika.

Upendo pia ni chumba cha wagonjwa chenye mtu aliyesomea kazi hiyo, na usafiri wa kumfikisha binti hospitali usiku. Na upendo ni kutunza kumbukumbu za chanjo. Kilimanjaro ndiko chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilikoanza kutolewa kwa majaribio mwaka 2014, kabla ya kuenea nchi nzima mwaka 2018. Tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama binti yako hajaipata, muulize mkuu wa shule kituo kipi cha afya kinawahudumia.

Namna ya kuziandika upya

Kama wewe ni mzazi kwenye bodi ya shule, au shule yenu ndiyo inaanza, hamhitaji mtaalamu kutoka mbali. Mnahitaji siku moja ya kukaa pamoja.

Kwanza, wasikilizeni wasichana. Wape karatasi zisizo na majina waandike ni lini shule iliwatendea vyema na ni lini iliwaumiza. Majibu yao ndiyo yatakayowaonyesha tunu zinazoishi na zinazokufa.

Pili, chagueni chache. Tunu nne zinazokumbukwa na mpishi na mlinzi ni bora kuliko kumi zinazokumbukwa na mkuu wa shule peke yake.

Tatu, kila tunu ipewe vitu vitatu: mtu anayewajibika kwa jina, fedha kwenye bajeti, na siku kwenye ratiba. Ikikosa kimojawapo, isiwekwe ubaoni kwanza.

Nne, mwisho wa mwaka ripoti ya tunu isomwe kikaoni pamoja na matokeo ya mtihani. Kama mlisema hakuna binti atakayekosa kipindi kwa kukosa pedi, semeni ni wangapi walikosa.

Kabla hujamwachia tranka

Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini binti wa bweni hulala miezi mingi ya mwaka mahali ambapo wewe hupo. Anayemlea ni matroni, kiranja, mwalimu wa zamu na mlinzi. Hao ndio wanaoishi zile tunu, au wanaozipita kila asubuhi bila kuzitazama.

Kwa hiyo Januari ukifika getini, soma ubao, kisha ingia ndani. Mwombe matroni akuonyeshe anapolala. Hesabu hatua kutoka kitanda chake hadi cha mwanao. Tazama mlango.

Ukimaliza, mkalishe binti juu ya tranka lake, umuulize: "Mwanangu, saa nane usiku ukiumwa, utamwamsha nani?"

Akikutajia jina, mbariki na uondoke. Asipokuwa nalo, rudi ofisini kabla ya kwenda kwa mhasibu.