Wingu la Adhuhuri Mlimani Hanang

Msomaji na awafikirie mume na mke waliotoka Katesh alfajiri kuupanda Mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,420. Asubuhi kila jabali lilikuwa dhahiri. Saa sita mchana hawaoni hatua kumi mbele. Mara nyingi wingu la namna hii haliletwi na upepo wa mbali, bali mlima wenyewe hulitengeneza. Jua huipasha joto miamba ya mteremko, nayo huipasha hewa iliyoigusa. Hewa hiyo hupanda ikiufuata mteremko, hupanuka, na hupoa yapata nyuzi 10 za Sentigredi kwa kila mita 1,000, hata mvuke wake ukageuka matone.

Mume ajua kilele ki karibu, ataka kuendelea. Mke aligusa shati la mumewe: limelowa chapachapa. Hoja yake ina nguvu, kwani maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, na juu ya ukingo mwembamba upepo hauna kizuizi. Tena mawe yaliyokuwa makavu sasa yanateleza. Wageuka. Baada ya kitambo wingu li juu ya vichwa vyao, na chini Katesh ingali juani.