Nani hula jani lililoanguka?

Mwishoni mwa Oktoba, siku chache kabla ya mvua, niliweka bilauri mbili za maji juu ya jiwe kando ya njia itokayo Isaka kwenda Kahama, mkoani Shinyanga. Katika ya kwanza nilidondosha bonge la udongo mkavu kutoka shamba la mahindi. Katika ya pili nilidondosha bonge la ukubwa uleule kutoka ndani ya ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa msimu, hatua kama hamsini kutoka pale. Bonge la shambani lilitoa mapovu, likapasuka, na kabla sijafunga mfuko wangu lilikuwa tope chini ya bilauri. La ngitili lilikaa. Maji yaliingia taratibu, vipovu vichache vikapanda, na vimizizi vyembamba kama nywele vikabaki vimelishikilia.

Udongo wa pale ni mmoja. Wakulima wa Kisukuma huuita luseni, ule wa kichangachanga wa sehemu za juu, kabla ya kushuka hadi udongo mweusi wa mbuga. Mvua ni ileile na jua ni lilelile. Kilichotofautisha mabonge yale ni majani yaliyoanguka juu yake, na nani aliyeyala.

Chembe za mchanga na mfinyanzi hazishikani imara kwa hiari yake. Hushikwa na nyuzi za kuvu, na utelezi unaotolewa na bakteria pamoja na mizizi, vitu ambavyo kwa kweli ni gundi. Viumbe hao wanaishi kwa kula, na chakula chao ni jani lililokufa, kijiti, mzizi uliooza, samadi. Wakikosa mlo gundi huisha, na tone la kwanza la mvua kubwa hufanya shambani kile maji yalichofanya katika bilauri: hubomoa bonge, huziba matundu, kisha maji huteremka juu ya ardhi badala ya kuingia. Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu rutuba, kwanza sihesabu miti. Nauliza jani likianguka hapa linaliwa na nani: moto, ng'ombe, mchwa, au viumbe wasioonekana?

Shinyanga imelipa gharama kubwa kwa swali hili. Tangu miaka ya 1920 vichaka na misitu ilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970 watu wengi waliacha nyuma ngitili zao. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishika, ili maksai, ndama na ng'ombe wagonjwa wapate nyasi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, zilizofahamika zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuwa kupanda miche. Watu walifunga ardhi, visiki na mbegu zilizokuwa bado hai vikachipua, na sungusungu, walinzi wa jadi, pamoja na dagashida, baraza la jadi la Kisukuma, wakahakikisha mpaka unaheshimiwa. Naliona hilo kuwa funzo kubwa kuliko kampeni nyingi za miche tulizozishuhudia.

Hata hivyo jani halifanani na jani. Bakteria huhitaji mlo wenye kaboni kama sehemu 24 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua ya mahindi huwa na kaboni 60 hadi 80. Ukiyafukia na kupanda papo hapo, bakteria huitafuta naitrojeni iliyopungua kwenye udongo wenyewe, na mahindi yako hugeuka manjano ukidhani ni ugonjwa. Majani ya migunga mingi yana naitrojeni ya kutosha, kwa sababu mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria wanaoifunga kutoka hewani. Lakini usidanganywe na maganda ya mbegu kama ya kunde, ukadhani kila mti wenye hayo una vifundo. Mjohoro ni wa jamii ya kunde na hauna vifundo hivyo. Miyombo nayo haina. Yenyewe imefunga urafiki na kuvu wanaoizungushia mizizi na kuitafutia chakula ndani ya majani magumu yanayooza polepole. Uyoga mwingi unaouzwa kando ya barabara za magharibi mwa nchi mvua zikianza ni tunda la urafiki huo. Ukikata miyombo, uyoga huo nao umekwenda.

Mchwa anastahili heshima zaidi ya tunayompa. Kwa miezi karibu sita ya ukavu bakteria wamelala, ilhali yeye yuko kazini, akibeba majani na vijiti hadi kwenye bustani yake ya kuvu ndani ya kichuguu, mahali penye unyevu mwaka mzima. Hupandisha pia udongo wa chini, ndiyo maana mahindi hustawi juu ya kichuguu cha zamani, na ndiyo maana watafutaji wa dhahabu hupima udongo wa vichuguu kujua kilichofichwa chini.

Dhahabu yenyewe inakula msitu. Kuanzia Kahama hadi Geita, kila duara, yaani shimo la wachimbaji, linahitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na kila kambi inahitaji mkaa. Gogo lililoshuka shimoni halitarudi kuwa mboji juu ya ardhi. Tazama rundo la marudio lililoachwa baada ya karasha kusaga mawe: ni mwamba uliosagwa laini. Mvua hulinyeshea mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi rundo hubaki tupu. Zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu ina sehemu yake katika hilo, lakini hata pasipo sumu, unga wa mawe usio na jani ndani yake bado si udongo.

Moto nao hula haraka kuliko wote. Majivu huacha fosforasi na chumvichumvi nyingine, na msimu wa kwanza mimea hunawiri, ila naitrojeni nyingi imepanda na moshi. Kwa mabua ya pamba kuna sababu ya kuchoma, kwani wadudu hujificha humo. Kwa nyasi na majani ya mahindi sijaona sababu inayolingana na hasara.

Ng'ombe yeye hula malishoni mchana na kuacha samadi zizini usiku. Mwaka hadi mwaka rutuba ya eneo zima hurundikana mahali pamoja, na zizi lisiposombwa hadi shambani hubaki mlima tu.

Mwaka 1958 mwanasayansi H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alieleza jambo ambalo mkulima wa Isaka hulinusa kila Novemba. Udongo uliokauka sana ukiloweshwa, bakteria waliosalia huamka na kula kwa pupa, pamoja na miili ya wenzao waliokufa kiangazi. Kwa siku chache naitrojeni nyingi huachiwa. Huyeyuka katika maji na kushuka nayo. Ndani ya ngitili mizizi ya nyasi na miti iko tayari kuidaka. Kwenye luseni tupu, mvua tatu kubwa zinatosha kuizamisha mahali ambapo mche wa mahindi hautafika.

Ndiyo maana mbegu inatakiwa iwe ardhini mapema, na wakulima wanalijua hilo. Wengi wanachelewa kwa sababu maksai, baada ya kiangazi kirefu, hawana nguvu ya kuvuta plau. Mwenye ngitili alianza kuwalisha maksai wake humo tangu Julai. Mvua ya kwanza ikinyesha usiku, asubuhi anawafunga nira.